Kibali cha Kumsomea Mama

Kitu cha kwanza kumtoroka mama kilikuwa mvua. Tulikuwa jikoni kwake Igowole, nimekwenda kumsalimia kutoka Mbeya ninakoishi, na bati la juu yetu lilikuwa likipigwa na mvua ile ya Mufindi isiyo na haraka, inayonyesha kama mtu anayechambua mboga huku akiwaza mambo yake. Mama aliinua uso kutoka kwenye chungu cha maharage, akatazama mlango uliokuwa wazi, ambako matone yalikuwa yakirukia kizingiti.

"Mbona siku hizi mvua inanyesha kimya?" aliniuliza.

Nilidhani anatunga. Mimi ni mtu wa riwaya, na kila mama anaposema neno zuri huwa naliandika pembeni mwa daftari kabla halijapoa. Niliandika na hilo, na nikalipenda sana. Ilipita miezi miwili ndipo nikaelewa kwamba mama alikuwa akinieleza ugonjwa wake. Baada ya mvua wakaondoka jogoo wa jirani, halafu mlio wa birika, halafu hodi za watu mlangoni. Daktari wa masikio Iringa mjini alimchungulia kwa kurunzi ndogo, akamgongea karibu na kichwa vyuma vinavyolia, kisha akanigeukia mimi. Sikio la kulia limekwisha, alisema, na la kushoto liko njiani. Vile vifaa vya kuvaa visingemsaidia kwa ugonjwa wa aina yake.

"Kama kuna jambo mnataka alisikie," alisema, "msilicheleweshe."

Jambo lilikuwepo. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa imetoka, na mama alikuwa na nakala yake, ameifunga kwenye kanga pamoja na kitabu cha nyimbo za kanisani, chini ya mto. Hakujua kilichomo. Aliacha shule darasa la tatu. "Maandishi nayaona kama siafu," husema. "Ukiyaangalia sana yanaanza kutembea." Nilijaribu kumsomea pale pale jikoni, nimeuweka mdomo karibu na sikio lake la kushoto, lakini nilipofika ukurasa wa pili alinizuia kwa mwiko.

"Maneno ya kitabu si ya kusikilizwa na maharage," alisema. "Ukitaka kunisomea, nisomee kule bustanini. Ndani. Na watu wawepo."

Bustani aliyoisema ni ya jiji la Mbeya, na sababu yake ni fupi. Siku ya harusi yao, baba, aliyekuwa dereva wa lori la mpunga kutoka Ubaruku, alimleta mama mjini kwa gari la kuazima ili wapige picha kati ya maua kama walivyofanya watu wa mjini. Mlinzi wa getini akawauliza kibali. Hawakuwa nacho, hawakujua kwamba ua nalo huombewa ruhusa. Wakapiga picha nje, migongo ikiwa kwenye uzio wa chuma, wakarudi. Baba alifariki nikiwa sekondari. Mama hajawahi kuvuka lile geti, ingawa nimemwambia mara nyingi kwamba siku hizi mtu anaingia tu, anakaa kwenye benchi, anakula karanga zake.

"Kuingia kwa kupita, hapana," hunijibu. "Mimi niliambiwa kibali. Niingie kwa kibali."

Basi nikaenda kuomba kibali.

Ofisi inayoshughulikia bustani ina dirisha moja linalotazama mlima Loleza, na asubuhi niliyofika mlima haukuwepo, ulikuwa umeingia ndani ya ukungu kama mtu aliyejifunika blanketi akakataa kuamka. Afisa bustani alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa sweta la kijani juu ya gauni la kitenge, na miguuni ana gambuti zenye udongo. Alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake kabla ya kuniuliza shida yangu. Kisha akanipa fomu.

Kwenye fomu, chini ya maneno *Aina ya shughuli*, kulikuwa na orodha ya kuwekea vema: harusi, kumuaga binti, kipaimara, mahafali, mahubiri, mkutano wa hadhara, maonyesho ya biashara, upigaji picha. Niliisoma mara mbili. Yeye akanisubiri, akipuliza chai.

"Umekwama wapi, binti?"

"Shughuli yangu haipo, mama."

"Ipo. Hapo tumeweka kila kitu ambacho watu hufanya. Mnakula?"

"Hapana."

"Mnapiga muziki?"

"Hapana."

"Mnaombea watu?"

"Hapana."

"Mgeni rasmi ni nani?"

"Mama yangu mzazi."

"Ana wadhifa gani?"

"Analima. Mahindi na maharage, na parachichi kidogo."

Aliweka kikombe chini. "Sasa shughuli gani hii haina pilau, haina spika, haina mheshimiwa?"

"Nataka kumsomea kitabu."

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayetazama mche asioufahamu, anayejiuliza kama ni ua au ni gugu. Halafu akachukua kalamu yake mwenyewe na kuniwekea vema mahali pa mwisho kabisa, penye neno moja: *Nyinginezo*.

"Hii itakuchelewesha," alisema kwa huruma. "Harusi naisaini mimi mwenyewe hapa hapa. Nyinginezo lazima izunguke."

Ikazunguka. Barua yangu iliondoka mikononi mwangu na kuanza kuishi maisha yake. Ilipata utambulisho wa mwenyekiti wa mtaa, ikapanda kwa mtendaji wa kata, ikaenda utamaduni ambako waliuliza kama kitabu kina siasa, ikaenda polisi ambako waliuliza kama watu watafika mia, ikarudi masjala na kulala huko ndani ya faili la rangi ya udongo. Nilikuwa naiota. Usiku mmoja niliiota ikiwa imesimama kituoni Chimala katika jua la mchana, imeshika kapu la mchele, ikingoja gari la kurudi nyumbani.

Nina rafiki mshairi anayeuza vitabu vya mtumba Mwanjelwa. Ndiye aliyenisindikiza kila nilipokwenda kufuatilia, kwa sababu alisema mtu wa riwaya akikaa peke yake kwenye foleni huanza kuwapa watu maisha wasiyoyaomba.

"Mihuri mingapi sasa?" aliniuliza siku moja tukitoka kwa mtendaji.

"Mitatu."

"Dada, hata ndoa yako haitapata mihuri hiyo. Ukipata mchumba mlete kwanza hapa, wamzungushe."

Nilicheka, lakini kila Jumamosi nilipokuwa Igowole kicheko kiliisha. Nilikuwa nimebuni namna ya kulipima sikio la mama bila yeye kujua. Nilisimama mbali nyuma yake, nikamwita kwa sauti ya kawaida, kisha nikasogea hatua moja na kumwita tena, mpaka ageuke. Wiki ile nilipopeleka fomu, aligeuka nikiwa kwenye mparachichi. Barua ilipofika utamaduni, aligeuka nikiwa kwenye beseni la kufulia. Ilipolala masjala, nilimwita kutoka kizingitini, nikaita tena, na kizingiti chenyewe kilikuwa tayari kimekuwa mbali.

Kibali kilitoka asubuhi ya baridi kali. Afisa bustani alinipigia simu mwenyewe, na nilipofika alikisoma kwa sauti, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua kusoma. Jumamosi, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Shughuli, nyinginezo. Hakuna kupika, hakuna kukanyaga maua, hakuna kubandika matangazo kwenye miti. Hakuna kipaza sauti.

"Hakuna kipaza sauti?" nilirudia.

"Nyuma ya ule ukuta wa mashariki ni wodi ya wazazi."

"Mama, yule ninayemsomea hasikii. Sikio moja, na lenyewe ni la kubahatisha. Nilitegemea spika."

"Pole, binti." Na kweli alikuwa na pole usoni. "Lakini kuna watoto mle wamezaliwa jana. Nao masikio yao ni mapya."

Nilikunja kibali mara mbili, nikakiweka ndani ya nakala yangu ya kitabu.

Nilimfuata mama siku ya Ijumaa. Tulipofika Chimala wachuuzi walilizunguka basi kama kawaida, wakiinua mchele na vitunguu dirishani, na mama, ambaye sikio lake zima lilikuwa upande wangu, aliwatazama wanavyofungua na kufumba midomo nje ya kioo. Uso wake ulilegea kwa furaha. "Wanaimba nini?" aliuliza. Nilimwambia sijui, ni wimbo mpya.

Asubuhi ya Jumamosi alivaa gauni la kanisani, sweta, na vitenge viwili. Getini alinizuia nisitangulie. Alichukua kibali mkononi mwangu, akakinyoosha kwenye paja, akamkabidhi mlinzi, kijana mmoja mwenye koti refu la mvua.

"Kamwene," mama alimsalimia kwa Kihehe, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia. "Ruhusa yetu hii hapa."

Mlinzi alisoma kila mstari, pamoja na ule wa maua. Kisha akasogea pembeni na kuufungua mlango wa geti wote, hata upande ule unaofunguliwa kwa ajili ya magari. "Karibu ndani, mama."

Aliingia polepole. Ukungu ulikuwa bado umekaa kati ya miti, na maua yalikuwa yakijitokeza moja moja kadiri tulivyoyakaribia, mekundu, kisha meupe, kisha yale ya njano ambayo sijui jina lake, kama yanaletwa kutambulishwa. Mama aliligusa kila moja kwa mgongo wa kidole. Machozi yalimtoka, akayaacha.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu hakupaswa kulifanya.

Mabenchi yalikuwa machache na yako mbalimbali, kwa hiyo tulikuwa tumekuja na mikeka, tukaitandika kwenye nyasi. Kwa sababu ya magoti ya mama na baridi ya ardhi, tulimwekea godoro dogo katikati, akakaa, akajifunika kitenge mpaka kichwani. Wenzangu wa kikundi chetu cha kusoma walifika mmoja mmoja, watu kumi hivi. Kwa kuwa mama hasikii, kila mmoja alipiga goti mbele yake, akamshika mkono kwa mikono miwili, akainama hadi kwenye sikio lake la kushoto na kumsalimia taratibu. Mama, macho yakiwa bado na maji, aliwaitikia. Kisha wakakaa kimya wakingoja.

Sasa mtu aliyeko nje ya uzio anaona nini? Mikeka. Godoro. Mwanamke mzima amejifunika, analia. Watu wanainama sikioni kwake kwa zamu. Hakuna muziki. Kuanzia Mbeya hadi Iringa hakuna asiyeijua picha hiyo, na hakuna anayeweza kuipita bila kusimama.

Wa kwanza walikuwa wauza ndizi wawili. Waliacha sinia zao getini, wakajitanda kanga, wakaja moja kwa moja kwa mama, wakapiga magoti. "Pole sana, mama." Kisha wakakaa mkekani, miguu wameinyoosha. Akafuata dereva wa bajaji, kofia mkononi, akatoa pole na kwenda kukaa kwenye benchi la mbali, ambako wanaume wengine wawili waliokuwa wakipita waliungana naye, maana wanaume hukaa upande wao. Mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara alikuja na kanzu yake, akainua viganja, akaomba dua kimyakimya. Wakaja wafanyakazi wa ofisi wenye vitambulisho shingoni. Mwanamke mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani chinichini, na wengine wakampokea kwa sauti ya pili na ya tatu, vizuri kabisa, kama wamekuwa wakifanya mazoezi.

Rafiki yangu mshairi alininong'oneza. "Mwandishi, tuna watu arobaini."

"Hawajaja kwetu. Wamekuja msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wa mama, nadhani."

"Usiwaambie basi. Mimi siku ya uzinduzi wangu nilipata watu sita, na wawili walikuwa wanaangalia mechi kwenye simu."

Dereva wa bajaji alinifuata, akiwa amejiinamia. "Dada, pole. Marehemu mmemlaza wapi?"

"Hakuna marehemu, kaka. Ni kitabu."

"Kitabu cha rambirambi? Nisaini wapi?"

"Hapana. Kitabu cha hadithi. Nimekuja kumsomea mama yangu."

Aliwaza. Aliitazama kofia yake, akaitazama bajaji yake iliyokuwa imeegeshwa nje. "Basi," alisema, "nimeshakaa."

Mama alinivuta kitenge. "Watu wa Mbeya wana nini? Kila anayekuja ananiambia pole."

Niliinama sikioni kwake. "Wanadhani umefiwa, mama."

Alifikiri kidogo, halafu akaangua kicheko kilichokatiza wimbo. "Nimefiwa na sikio!" aliwatangazia. "Hili la kulia! Tumelizika Iringa!"

Kisha muuza ndizi mmoja, mnene, mwenye pengo, akapiga makofi. "Huyu mfiwa ananishinda!" Watu wakacheka huku wakiangaliana kama wanaruhusiwa. Nilisimama nikaeleza, kwa sauti niliyokuwa nayo, kwamba hakuna aliyekufa, kwamba tunaomba radhi, kwamba mwenye kazi zake aende kwa amani. Wachache waliondoka. Wengi walikuwa wamekwisha kunyoosha miguu.

Nilikaa ukingoni mwa godoro, nikaweka mdomo kwenye sikio la mama, nikasoma sentensi ya kwanza.

Mama akairudia. Siku hizo alikuwa na tabia hiyo, unapomwambia neno analirudisha kwako ili ahakikishe limefika zima, kama mtu anayetajiwa namba ya simu. Ila sauti yake ilikuwa kubwa, sauti ya mtu anayemwita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Watu wote wakasikia. Nikasoma ya pili, akairudisha. Tulikwenda hivyo, mimi nikinong'ona na yeye akitangaza, mpaka nikagundua kwamba hairudishi kama nilivyoiandika.

Nilisoma: "Alfajiri ilikuwa imemwaga majivu yake juu ya mabega ya milima."

"Anasema asubuhi kulikuwa na ukungu!" mama aliwaambia.

"Eeh, kama leo," muuza ndizi aliitikia.

Sentensi ile niliihangaikia siku nne. Rafiki yangu alijifunika uso kwa kofia, mabega yakimtetemeka. Nikaendelea. Mahali nilipoandika kwamba kijana alikuwa na macho yenye kiu ya safari, mama alisema, "Kijana mwenyewe hatulii," na wanawake wakaguna pamoja, wakamjua papo hapo. Kijana huyo aliporudi kwa binti anayemchumbia na zawadi ya kitambaa, muuza ndizi hakuvumilia.

"Asipokee! Huyo ana mwingine Makambako!"

"Ngoja," mama alimjibu kwa ukali. "Bado hatujafika huko."

"Kwa hiyo yupo?"

"Nimesema ngoja!"

Hata sikujua kama yupo. Nilikuwa nimesahau ni kitabu changu. Ukungu ulikuwa ukipanda, jua likishuka kuupokea, na maneno niliyoyaandika peke yangu chumbani yalikuwa yanapita katika mwili wa mama na kutokea upande wa pili yakiwa na uzito wa vitu vya kushika, ndoo, jembe, ukungu. Juu ya ukuta wa mashariki niliona vichwa vya wanawake watatu wa wodi ya wazazi, wamesimama juu ya kitu, mmoja wao amemweka mtoto begani.

Mlinzi alikuja, kibali mkononi. "Dada, hapa wameandika hakuna kipaza sauti."

"Hatuna."

"Nasikia mpaka getini."

"Ni mama huyo."

Alimtazama mama, akaitazama karatasi, akaitafuta sehemu inayohusu mama. "Mwambie basi apunguze."

"Hasikii," nilisema.

Mwishowe akakaa kwenye benchi la wanaume, kibali akakiweka gotini.

Tulikuwa tumekaribia saa saba nilipofika kwenye ukurasa wa shati. Katika ukurasa huo mjane mmoja analifua shati la kazi la mume wake baada ya mazishi, analianika, jioni analianua, na kesho yake analifua tena. Niliubuni wote. Mama hakuwahi kunieleza siku zake za eda, wala sikuthubutu kumuuliza. Nilisoma sentensi ya kwanza sikioni kwake, nikangoja.

Mama hakusema kitu.

Nilisoma ya pili. Kimya. Alikuwa ametazama mbele, kwenye nyasi, uso wake hauna dalili ya neno lililofika. Nikawaza: limeondoka. Hapa, mbele ya watu, katikati ya ukurasa, sikio limeondoka na sikuwahi kufika mwisho. Nikasoma ya tatu kwa nguvu zaidi.

"Anasemaje?" muuza ndizi aliuliza kwa upole.

Mkono wa mama ulitoka ndani ya kitenge, ukanishika kiwiko. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, sauti yake ya zamani ambayo nilidhani imekwenda pamoja na mvua, "Hili silitangazi. Wewe endelea."

Nikaendelea. Nilimsomea kurasa tatu nzima, mdomo wangu ukigusa ukingo wa sikio lake, na mkono wake haukuniachia. Watu arobaini walikaa pale wakingoja kitabu wasichokisikia. Hakuna aliyekohoa kwa kuudhika, hakuna aliyetoa simu. Walikuwa wamekuja kukaa na mtu, na kukaa na mtu wanakujua. Mwenye duka la vitambaa aliinamisha kichwa. Muuza ndizi alijitanda upya kanga yake. Nadhani dakika zile ndizo nilizoandikia kitabu kile, ingawa wakati nakiandika nilidhani naandikia mambo makubwa zaidi.

Kurasa zilipoisha mama alivuta pumzi, akawageukia. "Amepona!" alitangaza. "Mwezi umepita, ameanza kulima!" Na wakaguna kwa nafuu, tukaingia sura inayofuata.

Saa nane kamili mlinzi alisimama. Alionekana kuona aibu. "Mama, muda wenu umekwisha."

Nilimfikishia sikioni. "Binti wa kitabuni bado hajaolewa," mama alimlalamikia.

"Najua, mama. Hata mimi nilitaka kujua. Lakini kuna kipaimara saa nane na nusu, nao wana kibali."

Hapo mama alinyanyuka mara moja, akijishika magoti. Kibali ni kitu anachokiheshimu. Alikunja kitenge, akawaaga watu kwa kupunga mikono yote miwili, kisha akanisogelea. "Tumefika wapi?"

"Nusu."

Aliligusa sikio lake la kushoto kwa vidole viwili, kama mtu anayepapasa mfuko kuhakikisha ufunguo bado upo. "Kaombe kingine," alisema. "Haraka."

Jumatatu nilikuwa dirishani kwa afisa bustani kabla ofisi haijafunguliwa. Loleza siku hiyo ulikuwa wazi, kila mti unaonekana. Alikuja na gambuti zake, akanimiminia chai, na safari hii alinitangulia kuuliza.

"Amesikia?"

"Nusu ya kitabu."

"Niliambiwa mlikuwa na kipaza sauti."

"Alikuwa mama, mama."

Alitabasamu ndani ya kikombe. Kisha akafungua kalenda yake kubwa ya mezani, na nikaona Jumamosi zote zimejazwa kwa wino wa bluu: harusi, harusi, kipaimara, mahafali, harusi. Alifunua mwezi, akafunua mwingine. Jumapili nazo zilikuwa za mahubiri. "Nafasi ya kwanza ni mwakani," alisema. "Na ni nyinginezo, itabidi izunguke."

Nilimwambia kuhusu mparachichi. Nilimweleza lile beseni, na kizingiti, na kwamba jana jioni nilimwita mama nikiwa nimesimama nyuma ya kiti alichokalia, na hakugeuka mpaka nilipokigusa kiti. Nilimwambia mwakani sitakuwa na mtu wa kumsomea.

Hakusema pole. Alitoa nakala ya kibali cha zamani kwenye faili, akakisoma kama anakiona mara ya kwanza. "Shughuli hii imekwisha?" aliniuliza.

"Bado."

"Basi huombi upya. Unaendeleza. Kuendeleza nasaini mimi." Alirudisha kurasa za kalenda hadi kwenye wiki ile ile tuliyokuwa nayo, akashusha kidole chake chenye udongo kwenye safu ya siku za katikati, ambazo zote zilikuwa nyeupe.

"Jumanne asubuhi watu hawaoi," alisema, na akaanza kuandika.